Tupeane uzoefu: meno na fizi, Kigoma na Tabora, kabla ya kufikia kung'oa

Mwana Unyanyembe (mwanzisha uzi)
Mwangaluka wa Tabora, mwakeye wa Kigoma. Wengi wetu tunafika kwa daktari wa meno siku ambayo jino limeshatunyima usingizi, na siku hiyo mara nyingi kilichobaki ni koleo. Jino haliozi ghafla. Linaanza na doa jeupe kama chaki karibu na ufizi, linageuka kahawia, ndipo linatoboka. Gamba la nje halina fahamu, ndiyo maana linaliwa kimya kimya. Likianza kushtuka kwa maji baridi au chai tamu, tundu limeshavuka gamba, ila bado linazibika. Likiuma lenyewe usiku bila kuguswa na kitu, kiini cha ndani kimeathirika, na hapo kuziba peke yake hakutoshi: ni kutibu mzizi au kung'oa. Wenye kujua leteni hatua, vipimo na sababu. Tusileteane "nasikia".

Bi Mwandiga
Nianze na damu kwenye mswaki. Mtu akiiona anaacha kupiga mswaki mahali pale, au anapitisha juu juu, na hilo ndilo kosa lenyewe. Damu inatoka kwa sababu ukoga, ule utando laini wenye vijidudu, umekaa kwenye mstari wa ufizi na ufizi umevimba. Dawa yake ni kusafisha hapo hapo, polepole. Chukua mswaki laini, ulaze kwa nyuzi 45, nywele zielekee kwenye ufizi, sugua kwa miendo mifupi meno mawili mawili: upande wa nje, wa ndani, kisha juu ya magego. Dakika 2, asubuhi na usiku. Wa usiku usikose kabisa, maana ukilala mate hupungua na mdomo unakosa wa kuuosha.

Dawa ya meno iwe na floraidi. Kwenye boksi tafuta 1000 hadi 1500 ppm. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji, kwa sababu unaondoa ile floraidi uliyoinunua. Mtoto wa chini ya miaka 3 anawekewa kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 punje ya njegere, na mzazi ndiye anayeshika mswaki.

Ukifanya hivi kwa wiki 1 hadi 2, damu kwa wengi hukoma. Isipokoma, kuna ugaga. Ukoga ulioachwa hunywa madini ya mate ukawa mgumu kama jiwe, na ugaga hautoki kwa mswaki, kwa mkaa wala kwa mchanga. Unakwanguliwa kliniki. Mkaa na mchanga vinachokula ni gamba la jino, na gamba likishaisha halioti tena.

Kijana wa Ng'ambo
Na mswaki wa mti?

Bi Mwandiga
Unasafisha vizuri ukitumiwa kwa utaratibu, mwanangu. Tafuna ncha mpaka ifumuke nyuzi, ufikishe mpaka nyuma ya meno ya mbele, pale watu wanapopasahau, na kila siku ukate ncha ya jana. Ila paka na dawa ya meno yenye floraidi angalau usiku. Msimu wa maembe nyuzi zikinasa kati ya magego, tumia uzi wa meno, siyo njiti ya kiberiti. Njiti inausukuma ufizi chini na kuacha pengo linalonasa chakula kila siku. Na wa Kigoma, ufizi ukivimba ghafla sehemu moja tu baada ya kula migebuka, angalia kwanza kama hakuna mwiba umekaa hapo.

Mama Kasulu
Naomba tusimame kidogo kwenye "meno ya plastiki", maana hili linaumiza watoto wasioweza kusema.

Wapo wanaoamini kwamba ndiyo yanayomletea mtoto mchanga homa na kuharisha, na kwamba lazima yachimbwe. Hayapo. Mtoto wa miezi michache akifunguliwa mdomo, pale kwenye ufizi wa meno ya chonge huonekana vivimbe vyeupe. Hivyo ni machipukizi ya meno ya utoto yanayojiandaa kutoka. Homa na kuharisha kwa mtoto vina sababu zake: malaria, maji machafu, nimonia, mkojo kuwa na maambukizi. Anayechimba ufizi kwa kisu au spoku ya baiskeli anang'oa chipukizi la jino, na chini yake kuna chipukizi la jino la ukubwani ambalo mara nyingi linaumia pia. Mtoto anaweza kupoteza damu nyingi, akapata pepopunda, sumu ya damu, au virusi kupitia kifaa kilichotumika kwa mwingine. Na wakati huo malaria yake inaendelea bila dawa. Mtoto mwenye homa na kuharisha apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti, aendelee kunyonya, apelekwe kituo cha afya akapimwe siku hiyo hiyo. Bibi akisisitiza, mwambieni kwa heshima, lakini msimkabidhi mtoto.

La pili kwa wazazi: gego la kwanza la ukubwani linatoka karibu na miaka 6, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi wanadhani ni la utoto na kwamba likioza litaota jingine. Halioti tena. Fungua mdomo wa mtoto wako leo uhesabu kutoka katikati: jino la sita kila upande ndilo hilo.

Mrina wa Sikonge
Hapa kwetu watu wanaamini asali haiozeshi meno. Nipeni neno.

Mama Kasulu
Asali ni sukari, ndugu yangu, hata ya miombo iliyo safi kabisa, tena inanata. Vijidudu vya ukoga vinaila na kutoa tindikali, na kila unapoonja kitu kitamu tindikali hiyo hukaa karibu nusu saa kabla mate hayajaituliza. Kwa hiyo idadi ya mara inaumiza kuliko kiasi. Vijiko viwili ndani ya chai moja, ukamaliza, ni nafuu kuliko kikombe unachokinywa kidogo kidogo asubuhi nzima. Mtoto asilale na chupa ya uji mtamu. Meno ya juu ya mbele ndiyo huanza kuoza. Na wa chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo sumu yake hulegeza misuli ya mtoto mchanga.

Mkulima wa Urambo
Kwa wavuta sigara na wabwia ugoro: msijipongeze kwamba fizi hazitoi damu. Nikotini hubana mishipa midogo, damu haitoki, huku mfupa unaoshika meno ukiisha. Tazama dalili nyingine: meno kuonekana marefu, mianya mipya, jino kutikisika, mdomo kunuka hata baada ya mswaki. Baka jeupe au kidonda pale unapoweka ugoro kikizidi wiki 2, nenda kaonwe. Kinaweza kuwa mwanzo wa saratani.

Mwana Ujiji
Maumivu usiku wa manane, mtu mzima: parasetamo za miligramu 500, vidonge 2 kila saa 6, visizidi 8 kwa siku. Aibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula kila saa 8 ina nguvu zaidi, lakini isitumiwe na mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu. Aspirini imezwe, isilazwe kwenye ufizi, inauunguza. Mafuta ya karafuu, tone moja kwenye pamba ndani ya tundu, yanatuliza bila kuponya. Maji ya betri, kamwe.

Amoksilini ya dukani hushusha uvimbe, kisha unarudi, kwa kuwa chanzo kimo ndani ya mzizi na dawa haifiki mle. Jino lazima litibiwe au litoke.

Uvimbe ukiwa mgumu chini ya taya, mdomo usipofunguka upana wa vidole viwili, mate yakishindikana kumeza, au jicho likianza kufunga, ni siku hiyo hiyo hospitali ya Maweni (Kigoma) au Kitete (Tabora), hata usiku. Aliye mbali, Kibondo au Kaliua ndani, asisubiri dalili zote nne zifike.

Mvuna chumvi wa Uvinza
Baada ya kung'olewa: ng'ata pamba dakika 30 bila kuichungulia. Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usivute sigara, usinywe chai ya moto. Donge la damu ndilo bandeji ya shimo; likitoka mfupa unabaki wazi, na maumivu makali huanza kama siku ya 2 hadi ya 4. Yakianza, rudi ukasafishwe. Kuanzia siku ya pili, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, mara 4 kwa siku, wiki moja, ukiyageuza taratibu mdomoni.

Bodaboda wa Isevya
Jino zima la ukubwani likidondoka kwenye ajali, liokote kwa kichwa chake, ile sehemu inayoonekana mdomoni, usiguse mzizi. Lisuuze sekunde chache, usilisugue, lirudishe shimoni likiangalia upande wake, mtu ang'ate kitambaa safi. Ikishindikana, litie kwenye maziwa, lisiwekwe kwenye maji wala kwenye karatasi, mfike kliniki ndani ya saa moja. La utoto lisirudishwe. Linaweza kuumiza lile lililo chini yake.