Wajukuu wa Bibi Zena: safari ya kempa jangwani

*Jumamosi*

Rukia (Phoenix): Assalam alaykum jamaa zangu. Tumeshatoka Phoenix, tuko Quartzsite. Mama, Hamisi na watoto wote wazima. Kempa, hili gari letu la kulala, inakwenda vizuri, tangi la maji limejaa, gesi ipo.

Shangazi Mwanahawa (Tanga): Waalaykum salaam mwanangu. Alhamdulillahi. Lakini mmempeleka dada yangu jangwani na baridi hii, mbona hamkungoja joto?

Rukia: Shikamoo shangazi. Joto la huku ndilo la kukimbia. Death Valley, hilo Bonde la Kifo tunakokwenda, ilipimwa nyuzi 56.7 tarehe 10 Julai 1913, na mpaka leo hiyo ndiyo rekodi rasmi ya dunia. Kiangazi watu wazima wenye afya zao wanafia mle. Desemba mchana unapata nyuzi 18 hivi, Mama anatembea na kanga yake begani. Kwa umri wake hakuna msimu mwingine wa kuliona bonde lile.

Shangazi Mwanahawa: Marahaba. Haya, nimekuelewa. Usiku je?

Rukia: Usiku ni habari nyingine. Nitakwambia tukifika milimani.

Juma (Minneapolis): Dada Rukia, mimi nakuja na yangu Februari, kwa hiyo kila unachoandika humu nakihifadhi. Quartzsite si hifadhi, mmesimama kufanya nini?

Rukia: Kulala. Ni ardhi ya serikali nje ya mji, kempa zimetapakaa mpaka miguuni mwa milima. Januari zinazidi. Wengi ni wastaafu waliokimbia theluji za kwenu huko. Kuna maeneo unalipa dola 180 ukae msimu mzima, katikati ya Septemba mpaka katikati ya Aprili. Lakini pale ulipo hupewi umeme wala bomba, unajitegemea.

Rukia: Ila si hilo nililotaka kuwaambia. Mjomba Sefu yupo?

Mjomba Sefu (Maskati): Nipo nipo.

Rukia: Shikamoo mjomba. [picha] Tazama juu ya hilo kaburi.

Mjomba Sefu: Marahaba. Ngamia huyo!

Rukia: Ngamia kabisa. Hapa amelala Haji Ali. Mwaka 1856 jeshi la Marekani lilishusha ngamia Texas ili wabebe mizigo majangwani, wakaja na watu wa kuwatunza kutoka nchi za dola ya Uthmaniya. Huyu alikuwa mmoja wao. Kibao kinamwita Hi Jolly, ndivyo Wamarekani walivyolitamka jina lake. Ilipozuka vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe mpango ukafa, ngamia wengine wakauzwa, wengine wakaachiwa porini. Yeye akabaki huku Arizona mpaka alipofariki 1902. Piramidi hii ya mawe walimjengea 1935.

Mjomba Sefu: Subhanallah. Na ngamia wenyewe, kazi waliiweza?

Rukia: Waliiweza sana. Walibeba kuliko nyumbu na wakastahimili kiu. Tatizo farasi na nyumbu walikuwa wakiwaona tu wanatimka.

Mama: [ujumbe wa sauti]

Shangazi Mwanahawa: Dada, nimekusikiliza mara mbili. Kumsomea Fatiha mtu aliyekufa mbali na kwao namna ile, Mwenyezi Mungu akulipe. Nimelia hapa.

Mjomba Sefu: Amina. Rukia, sisi huku msimu huu ndio tunakwenda kulala Sharqiya mchangani na familia. Nakwambia kitu: mkifika kwenye mchanga punguzeni upepo wa matairi.

Rukia: Ahsante mjomba, lakini hii kempa haigusi mchanga. Tunapita lami na njia za changarawe zilizoruhusiwa tu. Kutoka nje ya barabara ndani ya hifadhi ni marufuku. Ardhi ya jangwa ina utando wa vijidudu hai juu yake unaoshikilia udongo, tairi likipita mara moja kidonda kinakaa miaka mingi.

Mjomba Sefu: Hapo sawa. Huku kwetu tunachana tu.

*Jumatatu*

Rukia: Salaam. Samahani kwa kimya, ndani ya hifadhi ya Joshua Tree simu inakufa kabisa. Nimetoka hadi mjini kujaza maji ndio napata mtandao.

Juma: Nilianza kuingiwa na wasiwasi. Maji hamna kambini?

Rukia: Tuko Jumbo Rocks, hamna hata tone. Kambi nyingi za hifadhi hii ziko hivyo. Ukitaka bomba na mahali pa kumwaga tangi la choo ni Black Rock au Cottonwood. Hesabu yako iwe lita 4 kwa kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia, halafu kuosha vyombo na udhu weka pembeni.

Juma: Na baridi? Mimi nimezoea nyuzi 20 chini ya sifuri, sidhani itanitisha.

Rukia: Baridi yenyewe haitakutisha, usiku ndio utakutisha. Tuko mita 1,300 juu ya bahari. Bakuli la maji tuliloliacha nje asubuhi limekuwa jiwe. Jua linazama saa kumi na nusu jioni na usiku unakaribia saa 14. Hita inatumia gesi lakini feni yake inakula betri, na jua la Desemba liko chini, paneli hazishibishi. Kwa hiyo taa tunawasha kidogo, tunalala mapema, tunaamka na alfajiri. Ukipanga safari kama ya kiangazi utajikuta unatafuta kambi gizani.

Shangazi Mwanahawa: Saa kumi na nusu! Sisi wakati huo ndio kwanza tumetoka kuswali alasiri.

Shangazi Mwanahawa: Sasa kwa nini msiwashe jiko la mkaa? Mnaliwasha nje, likishika vizuri na moshi ukiisha mnaliingiza ndani, chumba kinapata joto usiku kucha. Lushoto watu wanafanya hivyo.

Rukia: Shangazi, kwa heshima zote, hapana. Hapana kabisa. Na tafadhali mwambie kila mtu hapo nyumbani asifanye.

Rukia: Mkaa uliokwisha moshi ndio unaodanganya. Unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi. Inashika damu mahali pa oksijeni. Mtu anasikia kichwa kizito, anadhani ni usingizi, analala, haamki. Mimi ni muuguzi, nimewaona walioletwa. Kempa ni chumba kidogo kilichozibwa, humo hata dakika chache ni nyingi. Hata jiko la gesi la kupikia hatuliwashi kwa ajili ya kuota moto. Hita yetu moshi wake unatoka nje kwa bomba, na bado ukutani kuna king'ora cha hewa hiyo, Hamisi anakijaribu kila jioni. Juma, yako isipokuwa na king'ora usiipokee.

Juma: Nimeandika.

Shangazi Mwanahawa: Astaghfirullah. Mwaka ule binti wa jirani kule Lushoto na mtoto wake mchanga… tulisema ni mambo ya watu. Kumbe lilikuwa jiko. Nampigia mkwe wangu sasa hivi, yuko Lushoto na watoto.

Rukia: Mpigie shangazi. Mwambie kama lazima awashe, awashe mlango uko wazi, na alitoe kabla ya kulala.

Hamisi: Wakwe, shikamooni. Mama mkwe jana usiku ametutoa nje wote na mablanketi. Ameona Kilimia, zile nyota za wakulima.

Mjomba Sefu: Kilimia! Huko?

Hamisi: Utosini kabisa. Giza la huku ni lile la zamani, halina taa ya mji. Amewafundisha watoto, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mdogo anairudia tangu asubuhi.

Shangazi Mwanahawa: Baba alikuwa akiangalia hicho hicho ndipo ashike jembe. Leo usiku nitatoka nami nikitazame, dada. Huku kinakaa upande wa kaskazini.

Mama: [ujumbe wa sauti]

Rukia: Kwa wasioweza kusikiliza: Mama anasema na kibla nacho cha huku kinaelekea karibu kaskazini, kinapinda kidogo tu mashariki, kama Tanga. Aliniuliza mara tatu nikamwonyesha kwenye tufe la watoto.

Juma: Na hiyo miti ya Joshua yenyewe?

Rukia: [picha] Si miti ya mbao, ni ndugu wa mkonge! Shangazi angeijua kwa majani. Maua yake huchavushwa na nondo mmoja tu mdogo. Nondo anabeba chavua mdomoni, anaisindika kwenye ua, anataga humo humo, watoto wake wanakula sehemu ya mbegu. Mmoja akitoweka mwingine hana maisha. Ukishuka upande wa kusini miti inakwisha ghafla, kwa sababu unatoka jangwa la Mojave lililo juu unaingia lile la Colorado lililo chini na lenye joto zaidi.

Shangazi Mwanahawa: Mkonge! Mkonge umetufuata hadi huko.

*Alhamisi*

Rukia: [picha] [picha] [picha]

Rukia: Mama akiwa mita 86 chini ya usawa wa bahari. Badwater, Death Valley. Hakuna ardhi iliyo chini zaidi Amerika ya Kaskazini yote. Mkivuta picha ya pili, ile alama nyeupe huko juu kwenye jabali ndipo bahari ingefika.

Mjomba Sefu: Na hiyo nyeupe chini ni theluji?

Rukia: Chumvi mjomba. Theluji ni ile ya mlimani nyuma yake, Telescope Peak, mita 3,366. Umesimama kwenye chumvi unatazama theluji.

Mama: [ujumbe wa sauti]

Shangazi Mwanahawa: Ndio dada, hata mimi ningeionja!

Juma: Kwa nini pakavu hivyo na Bahari ya Pasifiki haiko mbali?

Rukia: Mawingu yanatoka baharini, yanapanda Sierra Nevada, mvua yote inamwagika upande ule. Kuna safu nyingine nyuma yake, na nyingine tena. Yakifika hapa hayana kitu. Wastani ni kama milimita 50 kwa mwaka.

Shangazi Mwanahawa: Si ndio Mkomazi hiyo? Usambara upande wa Amani mvua haikatiki, ukivuka nyuma ya mlima unakuta miiba na vumbi.

Rukia: Umesema vizuri kuliko mimi shangazi. Ndivyo hivyo hivyo. Na mvua ikija inakuja kwa hasira. Agosti 2023 kimbunga Hilary kilipofika na mvua zake, hapa tulipokanyaga pakawa ziwa, likakaa mpaka masika iliyofuata. Barabara zilibomoka. Kwa hiyo Juma, asubuhi kabla ya kuwasha gari tazama taarifa ya barabara ya hifadhi, usitegemee ramani ya simu.

Juma: Kempa yenu ina urefu gani? Nimepata moja ya futi 28 bei nzuri.

Rukia: Usichukue. Artists Drive, ile njia ya vilima vya rangi, inakataza gari linalozidi futi 25. Na Dante's View hivyo hivyo, na ndiko juu unakoliona bonde zima. Yetu ni futi 22, tumepita kote. Utaokoa dola chache ukose vitu viwili bora.

Juma: Basi naiacha.

Rukia: Mafuta jaza kabla hujaingia, ndani bei inauma. Na kambi ya Furnace Creek wakati huu wa baridi inabidi uweke nafasi mapema, miezi hii ndiyo bonde linajaa watu.

Mjomba Sefu: Wenyeji wapo? Au ni watalii watupu?

Rukia: Wapo mjomba, na ninafurahi umeuliza. Timbisha Shoshone, kijiji chao kiko hapo hapo Furnace Creek. Wao waliishi kwa busara, baridi wanakaa bondeni, joto wanapanda milimani. Serikali ilipolifanya bonde eneo la kuhifadhiwa mwaka 1933 haikuwauliza. Walidai hadi mwaka 2000 ndipo wakarudishiwa sehemu ya ardhi kwa sheria. Jina la bonde wamepachika wachimba dhahabu waliopotea humo, wenyeji hawapaiti pa kifo. Mimi sipendi watu wanapokuja hapa wakasema hapana kitu.

Mjomba Sefu: Haki yao. Nisalimie ukiwaona.

*Jumapili*

Rukia: Tucson. Tulilala njiani, ni mbali sana. Leo tuko hifadhi ya Saguaro, ile dungusi kubwa ya jangwani.

Rukia: [picha]

Shangazi Mwanahawa: Mashallah, mti una mikono!

Rukia: Mkono wa kwanza unatoka mti ukiwa na miaka 50 hadi 75, pakiwa pakavu zaidi hata 100. Mama amesimama mbele ya mmoja usio na mkono, akaniuliza, "Kwa hiyo huyu ni mdogo wangu?" Nikamwambia huenda. Akaushika… nusura, una miiba. Unaanza mdogo kama kidole chini ya kivuli cha mti mwingine, ule mti unaukinga na jua na baridi ya usiku. Bila mlezi haufiki popote.

Hamisi: Na Watohono O'odham, wenyeji wa huku, wanavuna matunda yake Juni. Wanaangusha kwa mti mrefu uliotengenezwa kwa mbavu za saguaro aliyekufa. Mama mkwe alipoiona picha akasema, "Ngoeo hiyo."

Shangazi Mwanahawa: Sikilizeni. Nimekaa nimefikiri. Msimu ujao wa baridi nami nataka. Nauli ninayo, nimeuza nazi. Visa nani atanifundisha?

Juma: Shangazi! Mimi nitakujazia fomu, unitumie picha ya pasipoti ukurasa wa kwanza. Usiitume humu, nitumie mimi peke yangu.

Rukia: Barua ya mwaliko naandika mimi. Anza sasa, kusubiri siku ya mahojiano kunaweza kuchukua miezi. Na viatu shangazi, viatu vya kufunga, si ndala.

Mama: [ujumbe wa sauti]

Shangazi Mwanahawa: Sawa dada, na kanga nzito mbili. Juma, pasipoti yangu inaisha mwaka huu, nibadilishe kwanza au nitume hii?

Juma: Badilisha kwanza. Kesho nenda uhamiaji, halafu nipigie.