Naombeni ushauri: kanda zangu za dansi la Dar miaka ya 80 zinaharibika

Wakuu salaam, nna kanda kama thelathini hivi za muziki wa dansi, nyingi nilirekodi redioni, RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), na chache ukumbini kabisa, redio kaseti iko mezani pembeni ya bia, maana miaka ile Dar wikiendi haipiti hujaenda dansini, leo bendi ya Sikinde kesho Msondo enzi hizo bado inaitwa Juwata, ukichoka unawafuata Maquis au Vijana Jazz na mtindo wao wa Pamba Moto, na ushabiki ulikuwa ni Simba na Yanga kabisa. Mie ni Sikinde damu, mwimbaji wao Bitchuka akipandisha ile sauti yake ya juu halafu tarumbeta zinamjibu, mpaka leo mwili unasisimka.

Sasa kuna kanda moja, marehemu mke wangu anasikika anacheka kati ya nyimbo mbili, tulikuwa bado wachumba. Ndo inayoninyima usingizi, nimeifungua juzi nikakuta utepe una ukungu mweupe, nikaogopa hata kuiweka kwenye deki isije ikameza.

Fundi mmoja kaniambia nimwachie zote azisafishe kwa spiriti, roho imekataa. Nauliza, ukungu unatolewaje bila kufuta sauti? Na nikipata deki nzima, naunganisha waya gani kwenda kwenye laptop ili niziingize? Au kuna mtu hapa Dar anaifanya hii kazi na naweza kukaa pembeni yake mpaka amalize? Hiyo moja kwanza jamani, zingine zitasubiri.