ThinkPad T42 inakataa kuwaka asubuhi: nirekebishe, ninunue bodi, au nihamie T60?

KijanaWaNgara:
Hamjambo wakuu. Nina laptop ya IBM ThinkPad T42 ya 2004 inayofanya kazi dukani hapa Ngara. Inaendesha programu ya risiti ya DOS (mfumo wa zamani wa kabla ya Windows) na printa ya utepe, ile ya karatasi zenye vitobo pembeni. Asubuhi za baridi, hasa Julai hii, nabonyeza swichi, taa inawaka, feni inazunguka kidogo, lakini kioo kinabaki cheusi. Nikiizima nikaiwasha tena baadaye, huenda ikakubali, na ikikubali inashinda hadi jioni bila shida. Fundi mmoja mjini anataka elfu nne aipige chipu ya picha hewa moto. Mwingine anasema nibadilishe bodi kuu kwa ya mtumba. Rafiki yangu anasema nihamie ThinkPad T60, toleo la baadaye. Nishaurini.

FundiUmoja:
Kaka, usilipe mtu kabla hujajua ugonjwa uko wapi. Ikikataa tena, chomoa chaji, toa betri, shikilia swichi nusu dakika. Kisha jaribu kwa chaji pekee, halafu kwa betri pekee. Ikiwaka vizuri kwa betri na kusumbua kwa chaji, mshuku wa kwanza ni chaji au tundu lake. Chaji ya T42 ni volti 16, ampea 4.5. Angalizo: chaji iliyochoka ukiipima kwa mita ikiwa tupu itakusomea 16 bila aibu, maana haijabeba mzigo. Volti zinaanguka pale mashine inapoanza kuvuta. Azima chaji nyingine ya volti hizo hizo unayojua ni nzima, ndipo utajua ukweli.

Baada ya hapo, RAM, yaani vipande vya kumbukumbu ya muda. T42 ina nafasi mbili: moja chini ya kifuniko cha mgongoni, nyingine chini ya kibodi, na hii ya pili mafundi wengi hawaifikii. Toa zote, sugua meno yake taratibu kwa raba ya penseli, futa kwa spiriti, acha zikauke, kisha rudisha moja moja ukijaribu kuwasha. Kazi hii haina gharama na imefufua mashine nyingi mezani kwangu.

DadaSpea:
Wapo watakaokuambia ni betri ya saa, CR2032. Ikifa, ThinkPad yenyewe hukuandikia kosa 161 au 163 kwenye kioo. Wewe huoni chochote, kwa hiyo mimi siiweki mbele, ingawa kama ni ya zamani ibadilishe tu ukishafungua.

Kuhusu bodi: ukienda maduka ya spea ya barabara ya Luthuli mjini utaonyeshwa ya T43 na kuambiwa ni ile ile. Si kweli. T43 hutumia RAM ya aina ya DDR2, T42 hutumia aina ya zamani zaidi, DDR. Soma lebo kabla ya kutoa pesa.

MkaziKasarani:
Naomba nitofautiane kidogo na FundiUmoja. Chipu ya picha ya T42 ina historia. Ukizoea kuiinua kwa mkono mmoja ukishika kona, bodi inapinda na lehemu chini ya chipu inapasuka. Jaribio lake: ikiwa inawaka, bonyeza taratibu karibu na pale kiganja kinapokaa, upande wa kushoto. Ikiganda au picha ikichafuka, ndiyo hiyo. Hata hivyo hewa moto usikubali. Mashine hufufuka kwa muda, kisha hurudi pale pale, na bodi imeshachomwa. Afadhali chipu itolewe na kulehemiwa upya kwa vijipira vipya vya lehemu, na fundi akuonyeshe kazi aliyowahi kufanya.

KijanaWaNgara:
Na T60 je?

DadaSpea:
T60 yenyewe haina tundu la printa la zamani. Ukitumia waya wa kugeuza USB, Windows itachapa, lakini programu ya DOS inayozungumza moja kwa moja na LPT1, yaani tundu lile la zamani la printa, haitauona. Kwa duka lako, kuhama ni kubadilisha programu na printa pia. Hapo elfu nne ni ndogo.

KijanaWaNgara:
Leo asubuhi imekataa kwa chaji. Nimetoa chaji, nikaacha betri pekee, ikawaka papo hapo. Nimerudia, mambo ni yale yale. Nikitikisa plagi ya chaji kwenye tundu, taa inapepesa.

FundiUmoja:
Basi chipu iache kwanza. Azima chaji nyingine leo. Taa ikipepesa hata kwa hiyo, tundu linahitaji kulehemiwa, na mwambie fundi asiguse kingine.