Kondoo hawashiki mimba: nibadili dume, niongeze chakula au niweke sponji?

Kipara_Pongwe
Salaam wakuu. Mie nafuga kondoo huku Pongwe ya Tanga, majike 38 na madume mawili, wengi ni wale kichwa cheusi waliochanganyika na kienyeji. Mwaka jana waliozaa ni 21 tu, waliobaki wamekaa wanakula majani yangu bure. Jirani ananiambia nunua dume la Dorper, wale kondoo wa nyama wa kisasa, bwana mifugo anasema anza na chakula, halafu kuna kijana wa duka la dawa kaniambia zipo sponji za homoni, unamwekea jike ukeni siku 14, ukitoa unachoma sindano, wote wanaingia joto, yaani wanataka dume, kwa mkupuo. Hela yangu inatosha kitu kimoja kati ya hivyo vitatu. Nyie mngeanza na kipi?

Bin Pangani
Dume, wala usizunguke. Jike mmoja asiposhika umekosa mtoto mmoja, dume akiwa mbovu umekosa zizi zima. Hao madume uliwatoa wapi, maana sisi watu wa mwambao tuna mchezo mmoja mbaya, Idi kubwa ikikaribia yule dume aliyejaa ndo anauzwa kwa sababu ndo mwenye bei, na akika nazo zinachukua waliofuatia, wanaobaki zizini ni vidume vilivyodumaa halafu hivyo ndo vinapanda. Fanya hivyo Idi nne tano uone. Mie nilikaa na dume mmoja miaka minne akawa anapanda mpaka binti zake, watoto wakawa wanazaliwa kama paka, wengine hawasimami kabisa.

Mama Zizi
Bin Pangani umesema kweli ila usimtoe mwenzio mbio akanunue. Kaka Kipara, umewashika mgongo hao majike? Sio kuwaangalia kwa macho, kondoo manyoya yanadanganya. Weka mkono kiunoni nyuma ya mbavu ubonyeze. Kunja ngumi upapase vifundo vya vidole, ukiona mgongo wake uko hivyo huyo kakonda, hata umletee dume la sultani hashiki au atashika mmoja badala ya pacha. Fungua ngumi upapase hapohapo mgongoni mwa mkono, mfupa unausikia lakini umefunikwa, huyo ndo yuko tayari.

Mie niko Muheza, nilianza kuwapa pumba za mahindi nikichanganya na mashudu ya nazi kidogo, kila jike kama robo kilo hadi nusu kwa siku, wiki tatu kabla ya kumwachia dume na wiki mbili tatu baada ya hapo, naongeza polepole na kupunguza polepole. Waliokuwa wembamba walibadilika kabisa. Wale waliokuwa wanene tayari sikuona tofauti yoyote, nimewalisha hasara tu.

Tajiri Mtoto
Mie nawapa chakula cha kuku wa mayai kinachobaki, kina kila kitu ndani, wananawiri kweli

Daktari wa Vichochoroni
@Tajiri Mtoto acha hiyo leo, usingoje kesho. Kondoo hawezi madini ya shaba kama kuku au ng'ombe, inajikusanya kwenye ini kimyakimya halafu siku moja unakuta kalala, mkojo mwekundu, kesho yake kafa. Hata jiwe la chumvi la ng'ombe usiwape, uliza la kondoo.

Sasa nirudi kwa Kipara. Unataka kununua dawa kabla hujajua ugonjwa uko wapi. Jike wa kondoo anarudi joto kila siku 17 hivi, na joto lenyewe linakaa siku moja, siku moja na nusu, halionekani kwa macho kama la ng'ombe. Kwa hiyo fanya hivi, haikugharimu kitu. Gawa majike makundi mawili, kila dume na kundi lake, wasichanganyike. Chukua udongo mwekundu uponde laini uchanganye na mafuta ya kula umpake dume kifuani, katikati ya miguu ya mbele, urudie kila baada ya siku mbili tatu. Kila jike atakayepandwa utamwona na rangi kiunoni. Zikiisha siku 17 badili, weka masizi ya mkaa.

Sasa usome. Jike mwenye nyekundu asiyepata nyeusi, kuna uwezekano mkubwa kashika. Kama wengi wana nyekundu na nyeusi pia, maana yake wanapandwa lakini hawashiki, mwangalie dume. Kama wengi hawana rangi yoyote, hao hawaingii joto, na hapo ndo Mama Zizi anakuwa na haki, ni chakula au minyoo au bado wananyonyesha. Japo kuna dume mvivu pia, kaa uangalie kama ananusa na kupanda kweli.

Bagamoyo Kwetu
Naunga mkono. Mie sponji nimeshawahi, tena nilizifuata mbali. Sio uongo, zinafanya kazi, ukitoa sponji ndani ya siku mbili majike wanaingia joto. Tatizo nilikuwa na dume mmoja na majike 30. Yaani yule mnyama alipanda mpaka akawa amelala anawatazama tu, ulimi nje. Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba wakiingia joto kwa pamoja hesabu ya kawaida haifai, unahitaji dume mmoja kwa majike 10 au pungufu. Nilivuna watoto wachache kuliko mwaka ambao sikufanya chochote. Na walioshika wakazaa wiki moja wote, katikati ya mvua, hapo tena ni hadithi nyingine. Sponji mie naona ni za mtu mwenye madume ya kutosha na chakula kishakaa sawa.

Mzigua_Handeni
Hamjagusa majira nyie. Huku Handeni tunamwachia dume mwezi wa sita wa saba, masika imeisha, majani yapo, majike wana nyama wenyewe bila pumba ya mtu. Mimba miezi mitano, wanazaa vuli na majani mapya yanaota. Ukimwachia dume vuli watoto wanakuangukia mwezi wa nne, matope mpaka magotini, minyoo, kwato zinaoza, vifua vinabana.

Na kabla ya kumwachia mtenge mbali kabisa mwezi mzima au zaidi, majike wasimwone wasimsikie wala wasipate harufu yake. Ukimrudisha wale waliokuwa hawaingii joto wanaanza. Ila jike ambaye tayari anaingia joto vizuri haimwongezei kitu.

Dorper mie sina ugomvi naye, nyama anayo, lakini minyoo ya tumbo inamchapa kuliko kondoo mwekundu wa Kimasai. Na wewe uko pwani, unyevu mwaka mzima.

Bin Pangani
Na mbung'o mmewasahau, huku kwetu upande wa Saadani dume akipata nagana, ugonjwa wanaouleta hao mbung'o, hata asipokonda sana mbegu zinaharibika

Daktari wa Vichochoroni
Kweli, na homa yoyote ile. Joto kali pia, ule mwezi wa pili wa Tanga mnaujua wenyewe. Mbegu inachukua kama wiki saba kutengenezwa, kwa hiyo dume aliyeugua leo utaona hasara mwezi ujao na kuendelea, wakati ameshapona na wewe umeshasahau. Mchana mweke kivulini na maji, mwachie majike usiku. Dume mzima anabeba majike 30 hivi, kijana wa mwaka mmoja usimpe zaidi ya 15 au 20.

Kipara_Pongwe
Nimerudi wakuu, samahani nilipotea, nilikuwa nafanya kazi mliyonipa. Niligawa 19 kwa 19. Dume mdogo, yule niliyekuwa nataka kumuuza Idi iliyopita, alipaka nyekundu majike 14, na baada ya kubadili mkaa akarudia watatu tu. Yule mkubwa ambaye kila mtu akija anamsifia alipaka 15 na mkaa akawapaka tena 13!! Nikamwita bwana mifugo akamshika korodani, moja ndogo kuliko nyenzake na nyuma yake kuna kivimbe kigumu. Kachukua damu, anasema inaweza kuwa brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, na amenionya nisishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu.

Halafu wale ambao hawakupata rangi kabisa pande zote mbili jumla ni tisa, nimewapapasa kama Mama Zizi alivyosema, saba ni vifundo vya ngumi. Wanne kati yao walikuwa bado na watoto wakubwa wananyonya.

Mama Zizi
Si unaona. Achisha hao watoto, wape dawa ya minyoo, uwape pumba hao saba peke yao, usilishe 38.

Daktari wa Vichochoroni
Huyo mkubwa mtenge leo hii, asikae na yule mdogo pia, wanapandana wenyewe kwa wenyewe na ugonjwa unapita hapohapo. Majike wake 19 wapimwe nao, usiwachanganye na wengine mpaka majibu yatoke. Na ukinunua dume mwingine, damu kwanza ndo hela baadaye.

Bin Pangani
Sasa mdogo ndo amenusurika na kisu cha Idi hivi hivi. Kipara, hela umebaki nayo?

Kipara_Pongwe
Imebaki, kasoro ya magunia mawili ya pumba. Natafuta dume la ukoo mwingine kabisa, mwenye kujua zizi zuri Mkinga au Korogwe anielekeze, ila awe tayari mnyama apimwe.