Kukutana na wajawazito wengine wa karibu kabla ya kujifungua: mnaanzaje?

Mtarajiwa
Habari zenu wakuu. Mimba ya kwanza, wiki ya 17. Mimi na mume wangu tunataka kukutana ana kwa ana na wenzetu wanaosubiri mtoto. Tuwapate wapi, na ni mapema mno?

Mkunga wa Zamu
Hongera dada. Si mapema. Ukingoja hadi wiki ya 34, wenzako wengi wameshachoka kutoka nyumbani, na wengine watajifungua kabla hamjazoeana. Anzia kliniki: uliza kama wana kliniki ya vikundi. Wajawazito 8 hadi 12 wenye mimba za umri unaokaribiana hukutana na mkunga yule yule kwa saa moja na nusu hadi mbili. Mnajipima wenyewe presha na uzito, kila mmoja anapimwa tumbo na mapigo ya mtoto pembeni, kisha mnakaa duara kuzungumza. Shirika la Afya Duniani liliutaja utaratibu huu katika mwongozo wake wa 2016. Kama haupo, mwombe muuguzi akuunganishe na wenye tarehe ya matazamio inayokaribiana na yako, kwa ridhaa yao.

Baba Pacha
Mkiunda kundi wenyewe, msiwe chini ya sita. Wawili wakikosa, kikao kimekufa. Siku na saa zisibadilike. Viti viwe na egemeo na choo kiwe karibu, jambo dogo linalofukuza watu kuliko mada mbovu. Akina baba wapeni kazi: usafiri wa usiku, nani atabaki leba, nani yuko tayari kuchangia damu. Wasipokuwa na kazi, kikao cha pili hawaji.

Nesi Mstaafu
Panapoharibika ni kwenye WhatsApp. Mtu anaandika usiku, "kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu," anajibiwa, "pumzika, hata mimi ilinitokea." Hiyo inaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba! Bandikeni juu kabisa ya kundi: kichwa kikali, kutokwa damu, uso kuvimba ghafla, chupa kupasuka, homa, mtoto kupunguza kucheza. Jibu ni moja tu, hospitali sasa hivi. Na mteue mapema mtu mmoja wa kupokea habari za aliyepoteza mimba, asilazimike kuwaeleza wote. Picha za watoto zikae kundi la pembeni.

Mtarajiwa
Asanteni sana. Mume anaruhusiwa kwenye hiyo kliniki ya vikundi?

Mkunga wa Zamu
Inategemea kituo, uliza kabla. Pengine anakaribishwa kwenye mazungumzo, ila anatoka wakati wengine wanapimwa.