Juneteenth: kwa nini Juni 19 na si Januari 1?

Muulizaji: Wakuu, habari zenu. Rais Lincoln wa Marekani alitoa Tangazo la Ukombozi, la kuwaacha huru watumwa, Januari 1, 1863. Iweje Wamarekani weusi washerehekee mwisho wa utumwa Juni 19 (ndiyo Juneteenth), tena kwa kumbukumbu ya 1865? Ni kweli habari zilichukua miaka miwili na nusu kufika Texas?

Jibu 1: Mkuu, habari zilifika mapema, magazeti ya Texas yenyewe yaliliandika tangazo hilo. Kilichokosekana ni jeshi. Tangazo lilihusu tu majimbo ya kusini yaliyoasi na kujitenga katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na huko lilitekelezwa pale askari wa Muungano, yaani wa serikali ya Lincoln, walipofika. Texas ilikuwa mbali na mapigano makubwa, ndiyo maana mabwana wa majimbo jirani walihamishia watumwa wao huko. Mwisho wa vita walikuwa kama 250,000. Jenerali Lee wa waasi alisalimu amri Virginia Aprili 9, 1865, lakini majeshi ya mwenzake Kirby Smith, ng'ambo ya mto Mississippi, hayakusalimu hadi Juni 2. Siku 17 baadaye Jenerali Gordon Granger wa Muungano, akiwa Galveston, Texas, akatoa Amri Kuu Namba 3.

Jibu 2: Naongezea, maana wengi huishia mstari wa kwanza wa amri hiyo. Inasema watumwa wote ni huru, na kwamba bwana na aliyekuwa mtumwa wake wana haki sawa za nafsi na za mali. Tangu hapo ni mwajiri na kibarua. Kisha inageuka: walioachwa huru wanashauriwa wabaki kimya walipo wafanye kazi kwa ujira, hawaruhusiwi kukusanyika kwenye kambi za jeshi, wala hawatalishwa wakikaa bure. Watu waliofanyishwa kazi bila malipo maisha yao yote wanaonywa wasiwe wavivu! Isome hadi mwisho, inauma. Na wapo mabwana walionyamaza kwanza mpaka pamba ivunwe.

Jibu 3: Angalizo: Juni 19 haikumaliza utumwa nchi nzima. Delaware na Kentucky hazikuasi, kwa hiyo tangazo la Lincoln halikuzigusa. Huko utumwa uliendelea kisheria hadi Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipoidhinishwa Desemba 6, 1865.

Sherehe zilianza Texas 1866. Kwa kuwa weusi walizuiwa kutumia viwanja vya umma, mwaka 1872 wale wa Houston walichanga wakanunua ekari 10, ndiyo Emancipation Park ya leo. Texas ilipitisha sheria ya sikukuu 1979. Kitaifa Biden alitia saini Juni 17, 2021.

Muulizaji: Asanteni sana. Kwa hiyo nikiandika "siku habari za uhuru zilipofika Texas" nimekosea?

Jibu 1: Ndiyo. Andika "siku jeshi lilipotangaza Texas kwamba watumwa wote ni huru". Ukiandika "habari zilipofika", kosa la mabwana unamtwika tarishi.