Waliolelewa na baba aliyepigana Vita vya Kagera, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni.

Mzee wangu ametutoka juzijuzi. Msibani watu walisimama mmoja mmoja kumsifia kwa vile vita vyetu na Idi Amin wa Uganda: alivuka mpaka pale Mutukula, alikuwepo Masaka, aliingia Kampala Aprili 1979. Sisi wanawe tukawa tunatazamana tu, maana mengi ndiyo kwanza tunayasikia. Tuliyemjua sisi ni mzee aliyepiga rangi viatu vya nyumba nzima kila Jumapili jioni, akavipanga ukutani kuanzia vya kifungua mimba hadi vya kitinda mimba, visigino vimeshika mstari. Ukichomoa kimoja ukakirudisha vibaya, anajua. Hata dada zangu walioolewa wakija kusalimia, viatu vyao vilikuwa vinaingia kwenye mstari.

Kuhusu vita alikuwa na neno moja tu: "Tulitembea sana." Na ukitazama ramani, toka mto Kagera hadi mpaka wa Sudan, walikofika Juni 1979, ni Uganda yote hiyo.

Wenye wazee wa 78 na 79, nyumbani walikuwaje?

Binti Sajini:
Pole sana mkuu, Mungu amlaze mahali pema. Wa kwangu alikuwa dereva jeshini. Alipoondoka Novemba 1978 mama alikuwa na mimba yangu, akarudi nimeshaota meno. Nilipomwona niliangua kilio. Mama anasema hakutaka nilazimishwe kubebwa, alikaa mkekani siku kadhaa akijifanya hana habari na mimi, hadi nikamfuata mwenyewe. Tukakulia kwenye ile miezi 18 ya kufunga mkanda aliyoiomba Mwalimu Nyerere baada ya vita, ambayo wote tunajua haikuishia 18. Foleni ya sukari alipanga yeye, hakumwachia mama. Alipostaafu ndiye aliyempeleka mwanangu kliniki. Anampakata, anakaa benchi moja na akina mama, na namba anawahi yeye!

Mjukuu wa Kaboya:
Babu yetu hakurudi, amelala Kaboya kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo. Aliyemlea baba yangu ni rafiki wa babu waliyekuwa naye kombania moja. Alilipa ada ya baba hadi akamaliza shule, na wake mwenyewe walikuwa wengi tu. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alikuwa anavaa nishani kwenye koti la kiraia, anakaa mbele ya redio hadi wamalize kuweka mkuki na ngao, ndipo anaanza safari ya kuja kwa bibi na kilo za nyama mkononi. Hakuwahi kutueleza babu alikufaje. Bibi naye hakumuuliza.

Mpita Njia:
Poleni wote, ila tusipambe sana. Wa kwangu embe likidondoka kwenye bati usiku, anaruka hadi chini ya kitanda, na asubuhi ole wako ucheke. Leo mngesema apelekwe kwa mtaalamu wa saikolojia. Wakati ule ilikuwa "mzee ana ukali wa jeshi", basi, yamekwisha. Fimbo tumekula.

Lakini mama alipopata kiharusi, mtu yuleyule alikataa tusitafute msichana wa kazi. Alimwogesha mwenyewe, na nywele akajifunza kumsuka. Mabutu yenyewe matatu, yamekaa upogo, moja linatazama sikioni. Dada akitaka kuyafumua ayasuke vizuri, mama anakataa kwa mkono wake mmoja uliobaki na nguvu. Sasa niambieni, baba wa namna hiyo unamsimuliaje? Mimi mpaka leo sijui nianzie kwenye fimbo au kwenye mabutu.

Binti Sajini:
Mpita Njia umeniliza na kunichekesha kwa pamoja. Mleta mada, kwenye mafao msichelewe. Fanyeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mpate na cheti cha kifo kabla ya kwenda mahakamani kwa mirathi. Sisi ofisi moja ilituzungusha kwa sababu jina la kwenye cheti lilipishana herufi moja na la jeshini.

Koplo Mstaafu Mtoto:
Wa kwangu yu hai, yuko hapa pembeni nimemsomea uzi wote. Yale ya viatu na mabutu kayapita kimya. Anauliza kitu kimoja tu: huyo wa Masaka alikuwa brigedi gani? Mleta mada, ulizia kwa waliozungumza msibani, maana mzee kagoma kwenda kulala.